Wingu la Mlima Kenya na Kazi ya Rubani



Mkulima wa Embu au wa Meru aonapo mawingu yamefunika Mlima Kenya hufurahi, kwa kuwa mvua yaja. Rubani ayaonapo mawingu hayo hayo hushikwa na hadhari, maana anajua kwamba ndani yake mna mwamba. Kwa hiyo, kabla ya kurusha eropleni yampasa asome mambo matatu: taarifa ya hali ya hewa, utabiri na ramani.

Taarifa hueleza hali ilivyo kiwanjani wakati ule ule. Huandikwa kwa ufupi, kwa herufi na tarakimu, ili marubani wa mataifa yote waielewe. Saa yake ni ya Greenwich: ikiandikwa 0600, hapa Kenya ni saa tatu asubuhi. Kwanza hutajwa upepo, watoka wapi na kwa kasi gani. Kisha hutajwa umbali ambao macho yaweza kuona. Tarakimu 9999 maana yake ni kilomita 10 au zaidi. Halafu huja mawingu. Mpimaji huigawa mbingu mafungu 8, akahesabu mafungu mangapi yamefunikwa, na wingu la chini liko futi ngapi juu. Mwisho huja joto, kiwango cha umande, na uzito wa hewa. Joto likikaribiana na kiwango cha umande, ukungu hauko mbali. Na uzito wa hewa ndio unaotumika kusahihisha kipimo cha kimo ndani ya eropleni. Ukiwekwa vibaya, kipimo humdanganya rubani.

Utabiri hueleza hali inayotazamiwa, na saa ambazo huenda ikabadilika. Ramani nayo huonyesha nchi kwa upana: mwendo wa pepo, mahali pa ngurumo, na kimo cha mawingu toka chini hata juu.

Sasa liko jambo moja la kuangaliwa sana. Katika taarifa na utabiri wa kiwanja, kimo cha wingu hupimwa kutoka kiwanja chenyewe. Lakini kimo cha milima hupimwa kutoka usawa wa bahari, na katika ramani za hali ya hewa mawingu nayo kwa kawaida hupimwa hivyo hivyo. Asiyetofautisha vipimo hivi aweza kupotea.

Tuseme taarifa ya Embu yasema wingu limefunika mbingu yote kwa kimo cha futi 2,000. Mji wa Embu wenyewe uko karibu futi 4,900 juu ya bahari. Jumlisha: wingu laanzia karibu futi 6,900. Kilele cha Batian kina futi 17,057. Basi, mlima wa futi zaidi ya 10,000 waweza kuwa umefichwa nyuma ya wingu hilo, wala taarifa haikuutaja hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kueleza kiwanja tu.

Kwa kawaida mlima huonekana wazi alfajiri, na kabla ya adhuhuri hujifunika. Kuanzia Juni hata Agosti, upande wa Embu na Meru hupata baridi na mawingu ya chini siku nyingi.

Mlima huu hauna mzaha. Tarehe 19 Julai, 2003, eropleni iliyotoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, kwenda Samburu iligonga mlima karibu na kilele cha Lenana, ambacho kimo chake ni futi 16,355. Watu wote 14 waliokuwamo walikufa.

Basi, huenda siku moja mgonjwa wenu akangojea eropleni ya madaktari, nayo ikachelewa, ingawa jua lawaka hapo mlipo. Msimlaumu rubani, wala msimhimize kwa simu. Yamkini amekwisha soma taarifa, akajumlisha futi zake, na kuona kwamba njia haijafunguka. Kawia ufike.