Mvua Iliyokwisha Kwetu

Somo letu la leo limo katika Injili ya Luka, mlango wa 12, aya ya 54 hadi ya 56. Bwana Yesu aliwakumbusha makutano kwamba walijua kulisoma wingu lipandalo upande wa magharibi; walitangaza mvua, na mvua ikaja kweli. Kwao bahari iko magharibi, na ishara yao ilitoka huko.

Sisi wa Migori na Homa Bay nasi tuna maji upande wa magharibi, lakini mara nyingi ishara yetu hutoka mashariki. Basi twendeni pamoja kwa mawazo, tuifuate dhoruba moja tangu asubuhi hata usiku, tuone inakotoka na inakokwenda.

Asubuhi tuko Muhuru Bay. Mashua zimerudi, akina mama wanaanika omena juani, na ziwa limetulia. Lakini jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kwenda bara. Saa sita tukiwa katika uwanda wa Lambwe, penye mbuga ya Ruma, upepo huo unatupiga mgongoni tukitazama mashariki. Kule juu ya milima ya Kisii mawingu yanarundikana. Upepo wa ziwa umepanda vilima na unyevu wake, ukakutana na upepo utokao mashariki, na hewa haina pa kwenda ila juu.

Saa tisa alasiri tuko Rongo. Mchana umekuwa giza, radi zinapiga, na mvua ya mawe inagonga mabati. Baadaye mvua inapusa. Mwenye shamba anamshukuru Mungu kwa ajili ya mahindi yake. Mto Kuja unajaa, na maji yake yatateremka hata Nyatike. Mtu wa Rongo anasema, “Mvua imekwisha.”

Ndugu wapenzi, haijakwisha. Jua likitua, upepo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na sasa upepo hutoka bara kwenda ziwani. Mwaka 2016 mtaalamu Wim Thiery wa Ubelgiji na wenzake walitoa utafiti uliotumia vipimo vya setilaiti. Walionyesha kwamba mvua inyeshayo nchi kavu mchana huchangia kuleta tufani kali ziwani usiku unaofuata. Waliandika pia kwamba maelfu ya wavuvi hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria kwa sababu ya tufani za usiku, na kwamba dunia ikizidi kupata joto, mvua hizo kali zitazidi ukali.

Sasa ni saa moja ya jioni, nasi tuko Mbita. Taa za wavuvi wa omena zinaanza kuwaka juu ya maji, moja moja. Vijana walio katika mashua hizo hawakuiona mvua ya Rongo. Aliyeiona yuko nyumbani, amekwisha kula, anajifunika blanketi.

Hapo ndipo Neno la Mungu linapotushika. Katika Ezekieli mlango wa 33 tunasoma habari za mlinzi aliyeuona upanga ukija, asipige tarumbeta. Mungu hamwulizi mlinzi yule kama yeye mwenyewe amepona. Anamwuliza kama aliwaonya wengine.

Labda tutasema, “Uhai wa mtu umo mkononi mwa Mungu.” Ni kweli. Lakini mlinzi naye aliwekwa na Mungu huyo huyo. Labda tutasema, “Mvuvi analijua ziwa kuliko sisi.” Ni kweli pia, lakini mara nyingi huenda hata akiona dalili mbaya, kwa kuwa mashua si yake, nyavu si zake, na asipokwenda usiku huu watoto wake hawatakula kesho. Na mwenye mashua huenda ameketi katika benchi la mbele kanisani, anaimba pamoja nasi. Tumekwisha kuzungumza naye?

Katika miaka ya 1960 na 1970, huko Kericho, ndege ziliyafuata mawingu ya mvua ya mawe na kuyatilia dawa, ili kuyaokoa majani ya chai. Ikiwa watu waliweza kulifuata wingu angani kwa ajili ya jani, sisi tutashindwa kupeleka neno moja ufuoni kwa ajili ya mtu?

Kazi imekwisha kuanzwa. Tangu 2017 mradi mmoja chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani uliwasaidia wataalamu wa nchi zetu kutengeneza utabiri na maonyo kwa ajili ya watu wa ziwani. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri. Lakini onyo lisilomfikia mwenye kasia ni tarumbeta isiyopigwa. Wewe wa Rongo, wa Awendo au wa Kisii, ukiona radi za alasiri, mpigie simu ndugu yako wa ufuoni. Wewe mzee wa kanisa wa Mbita au Karungu, hakikisha kwamba utabiri unasomwa mahali mashua zinapoondokea. Nawe mwenye mashua, wanunulie watu wako jaketi za kuokolea maisha, na usiku wa hatari uwaambie wabaki, wala usiwanyime chakula kwa kubaki.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeukemea upepo, na mashua nyingine zilizokuwa pamoja nawe zikapata shwari ile ile, utusamehe kwa kulala mvua ikiisha kwetu. Utupe macho ya kuona na kinywa cha kuonya. Uwalinde walio majini usiku huu. Amina.