Themosifoni na Kipoza-joto cha Kawaida: Mada kwa Semina ya Mafundi wa Kompyuta, Luano



Maana za vipoza-joto hivi viwili mnazijua, nitazipitia mbio. Kipoza-joto cha kawaida ni mapezi ya shaba au alumini na feni yake. Vingi vina mabomba ya joto, yenye utambi ndani wa kurudisha kimiminika. Themosifoni haina utambi wala pampu. Kimiminika huchemka juu ya prosesa, mvuke hupanda kwenye mapezi, hupoa, kisha hurudi chini kwa uzito wake. Ndiyo maana mapezi sharti yakae juu.

Kwa prosesa kubwa kama Threadripper 7980X ya wati 350, themosifoni ina hoja. Kampuni ya IceGiant ilitoa yake, ProSiphon Elite, mwaka 2020. Lakini mashine zetu za ofisini ni za wati 65 hivi, na kwa hizo cha kawaida kinatosha.

Tuje kwenye hewa na vumbi. Luano tuko takriban mita 1,300 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hadi 15 kuliko ya pwani. Ndani ya themosifoni hilo halina athari, kwa kuwa imezibwa; nje, mapezi yake yanategemea hewa hiyohiyo na feni ileile. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa hiyo hubeba vumbi jekundu. Feni utaiona safi, mtumiaji ataapa kuwa mashine husafishwa. Ing'oe: chini yake, juu ya mapezi, pana zulia zito unaloweza kulibandua zima-zima kwa kucha. Joto limefika kwenye mapezi vizuri kabisa. Limekosa pa kutokea. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi, na barua ya kuomba kompyuta mpya huandikwa.

Silaumu idara yoyote. Ununuzi una taratibu zake. Ila inachosha kuona mashine nzima ikibadilishwa kwa sababu ya zulia hilo.

Napendekeza basi: mapezi yenye nafasi pana, hata kama kipoza-joto kitakuwa kikubwa. Feni ing'olewe wakati wa kusafisha, si kupulizwa juujuu. Kompresa ya kujazia matairi isitumike bila kichujio, maana hutema maji na mafuta. Pasta ya joto ibadilishwe kila kipoza-joto kinapofunguliwa. Mashine isiwekwe sakafuni. Themosifoni inunuliwe kwa seva na mashine za kazi nzito tu, zenye kusimama wima, na baada ya kuuliza nani ataijaza ikivuja. Cha kawaida tunakitengeneza kwa bisibisi. Na narudia, feni ing'olewe.

Wasimamizi mlio humu, brashi na pasta viingie kwenye bajeti ya Aprili, kabla ya vumbi. Oktoba tumeshachelewa.