Kuuza nyumba wakati wanunuzi ni wachache

Wauzaji wakiwa wengi na wanunuzi wachache, mwenye franga ndiye anachagua. Kwa hiyo tujipange mbele ya kuita komisioneri.

Kwanza, makaratasi. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa serikali. Sisi tunauza nyumba na haki yetu juu ya parseli. Kama uko na karatasi ya shefu tu, bila sertifika ya usajili, sema wazi, juu mnunuzi ataihesabu kwenye bei. Bwana na bibi waitike wote wawili. Na ndugu aliyelinda nyumba tulipokuwa Nyarugusu, mumwite, asisikie habari njiani. Kesi nyingi zinaanzia hapo.

Pili, kutengeneza. Usiongeze chumba, hiyo feza ni vigumu irudi. Ziba mabati yanayovuja, tengeneza mlango na choo, paka chokaa, onyesha mipaka majirani wakiwepo.

Tatu, bei. Uliza nyumba tatu za avenyu yako ziliuzwa ngapi kweli, si zinaombwa ngapi. Ukipandisha sana, nyumba itakaa miezi, watu watasema iko na shida. Toa komisioni, ujue utabaki na ngapi mkononi, halafu kata bei ya mwisho ambayo hutashuka chini yake.

Kama ni deni ndilo linakusukuma, jaribu kupangisha kwanza. Kuuza kwa haraka ni kuanza ukimbizi tena, safari hii ndani ya mji wako. Tuulizane mbele ya kutia saini.