Livu ya Mfanya Kazi na Nyumba za Makumbusho

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na jamaa zao, mkutano wa tawi, Mombasa)



Halmashauri ya elimu imetutuma tuseme nanyi juu ya livu ya mwezi wa Agosti, wakati shule zimefungwa, na jinsi mfanya kazi na jamaa yake wanavyoweza kuitumia kwa kutazama nyumba za makumbusho na magofu ya kale ya nchi yetu. Agosti iliyopita jamaa kadhaa za tawi hili tulikwenda pamoja, na tuliyoyaona ndiyo tunayowaletea leo.

Kwanza tukumbushane haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi aliyetimiza miezi 12 kazini apewe livu isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Siku hizo hatukupewa bure. Waliotutangulia waliteta sana mpaka jambo la livu likawa sheria. Kupumzika ni haki, na kwenda nyumbani kuona wazee ni wajibu. Lakini katika siku 21 haikosi siku moja au mbili za kumfundisha mtoto jambo ambalo halimo katika daftari lake.

Wako wanaosema, "Makumbusho ni mahali pa watalii wenye kamera, sisi watu wa kazi tutatafuta nini huko?" Twawajibu hivi: nyumba hizo ni mali ya wananchi, na mwananchi hulipa ada ndogo kuliko mgeni, na mtoto hulipa ndogo zaidi. Ulizeni ada kabla ya kutoka nyumbani, tena ulizeni njia ya kulipa, kwa maana siku hizi malipo mengi ni ya simu, msije mkakwama langoni na watoto mkononi. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Vitu vilivyomo humo vilitengenezwa na watu wa kazi kama sisi. Asiyejua kazi huona ukuta tu. Mtu wa kazi huona jasho.

Tuanze na Fort Jesus, ngome ambayo wengi wetu hupita karibu nayo kila siku bila kuingia. Wareno waliijenga tangu mwaka 1593 hata 1596, na aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Oman waliizingira mwaka 1696 na hawakuiteka mpaka Desemba 1698. Waingereza nao waliifanya jela tangu 1895 mpaka 1958, na baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Hayo mtoaji maelezo alituambia vizuri sana. Lakini tulipofika chini ya ukuta, mwanachama wetu mmoja, aliyekuwa mwashi kabla ya kuingia bandarini, aliwaita watoto akawaonyesha jiwe. Aliwaeleza kwamba lile ni tumbawe, na kwamba chokaa ya kulishikisha nayo ilitoka katika tumbawe hilo hilo: mawe hupangwa juu ya rundo la magogo, huchomwa mpaka yakawa meupe, kisha hutiwa maji yakavunjika kuwa unga. Aliwauliza: "Ukuta wote huu, magogo mangapi yalikatwa? Nani aliyabeba? Moshi ulimwingia nani machoni?" Watoto walinyamaza wakautazama ukuta upya. Jina la aliyeichora ngome limehifadhiwa kwa zaidi ya miaka 400. Majina ya waliochoma chokaa hatukuambiwa.

Kutoka hapo tulikwenda Gede, karibu na Watamu, kwa matatu ya kukodi. Huo ni mji wa Waswahili uliokaa mamia ya miaka na kuachwa na watu wake katika karne ya 17, ukafunikwa na msitu. Kuna msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Bwana James Kirkman alianza kuchimba huko mwaka 1948, na mwaka 2024 mji huo pia uliingia katika orodha ya UNESCO.

Lililotupendeza zaidi huko ni majina ya nyumba. Waliochimba hawakujua majina ya wenyeji, basi wakaziita nyumba kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko nyumba ya bakuli la kauri, iko nyumba ya taa ya chuma, na iko nyumba ya mkasi. Fikirini, ndugu. Wenye nyumba ile hatuwajui kwa majina, lakini mkasi wao, chombo cha mkono tu, ulibaki ardhini ukawashuhudia kwamba waliishi na wakafanya kazi. Katika nyumba zetu wenyewe, chombo gani kitabaki kitushuhudie?

Wanaopata nafasi ya kufika Nairobi na wasikose makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Watoto hupenda kupanda juu ya magari ya moshi ya zamani, na wazee waliofanya kazi ya reli wataona vyombo walivyovijua. Reli hiyo ilianzia hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Watu kama 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 walikufa.

Ndani ya makumbusho hayo kuna behewa ambalo simba alimchukua Bwana Ryall, ofisa wa polisi, huko Kima mwaka 1900. Jina lake limeandikwa, siku yake yajulikana, na behewa limetunzwa mpaka leo. Lakini kabla yake, mwaka 1898 huko Tsavo, simba wawili waliwala wajenzi wa reli miezi kadhaa. Patterson, aliyewaua simba hao, aliandika kwamba wafanya kazi 28 wa Kihindi waliliwa, na kuhusu Waafrika aliandika kwamba hesabu yao haikuwekwa. Haikuwekwa! Simba wenyewe wamehifadhiwa, wako katika makumbusho ya Chicago, Marekani, wamesimama ndani ya kioo. Waliowala hatujui hata idadi yao. Hapo ndipo tulipowaambia vijana wetu maana ya rejista, kadi, na orodha ya wanachama. Mtu asiyeandikwa, hata akifa kazini, hakuna wa kumdai.

Na ninyi mnaokwenda bara kwa livu, msiseme makumbusho ni ya pwani na Nairobi tu. Kisumu iko nyumba ya makumbusho tangu 1980, na ndani ya ua wake kuna boma la Kijaluo. Kitale iko tangu 1974. Kapenguria, tangu 1993, wamehifadhi vyumba vya wafungwa wale sita waliohukumiwa mwaka 1953, Jomo Kenyatta akiwa mmoja wa hao sita. Mwingine wao ni Fred Kubai, ambaye pamoja na Makhan Singh walianzisha muungano wa vyama vya wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki mwaka 1949. Mtoto akisimama mbele ya mlango ule, atafahamu kwamba kadi ya chama ya babake si karatasi tupu.

Sasa, ndugu, tuseme lililo ndani ya moyo. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa mji huu waligoma siku 12, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa nyumbani. Walikutana katika uwanja wa mpira, wakauita Kiwanja cha Maskini. Humo ndimo ilimotoka African Workers Federation, na kiongozi wake Chege Kibachia akakamatwa mwaka ule ule akapelekwa kizuizini Kabarnet. Katika safari yetu hatukukuta chumba cha habari hiyo. Wazee waliosimama kiwanjani wamekwisha kutuacha karibu wote, na wajukuu wao wanapita pale pale bila kujua.

Kwa hiyo halmashauri yaomba mambo matatu. Kwanza, kila tawi lipange safari moja katika livu ya Agosti, jamaa zichange nauli kidogo kidogo tangu Januari, na chakula kitoke nyumbani. Pili, mzazi asimwachie mtoaji maelezo kazi yote. Seremala aeleze mlango, mwashi aeleze ukuta, fundi wa mashine aeleze gari la moshi. Watoto wetu wamezoea kutuona tukirudi jioni tumechoka. Yafaa watuone pia tukiwa watu wenye elimu. Tatu, msitupe vitu vya wazee. Kadi ya zamani ya chama, kulabu ya kuli, picha ya mkutano, barua ya mapatano, vileteni kwa katibu viandikwe, na jina la mwenyewe, kazi yake na mwaka wake viandikwe pia.

Tusipoandika sisi, wajukuu wetu watazunguka na watoto wao wakionyeshwa bandari hii, wataambiwa nani aliichora na nani aliifungua, na wakiuliza nani aliyebeba mizigo hawatapata jibu. Orodha iko mezani kwa katibu. Atakaye kwenda Agosti ajiandikishe leo, pamoja na idadi ya watoto wake.