Kaburi Tupu la Namirembe

Vijana wapenzi, mnatuuliza: ikiwa Kristo alifufuka, mbona bado tunazika?

Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977. Serikali ya Idi Amin ilidai ni ajali ya gari. Mwili ukazikwa Mucwini, na kaburi lililochimbwa Namirembe likabaki tupu. Waumini wakakusanyika hapo wakaimba. Askofu Yona Okoth wa Bukedi, aliyekaa Tororo, akakimbilia Kenya. Mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu.

Imani haikumwepusha Luwum na kifo, wala Okoth na ukimbizi. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Basi nasi tulie. Lakini kifo ni kama mpaka wa Busia: kinatisha, ila Kristo ametangulia kuvuka, naye anatungoja ng'ambo.

Mungu awabariki.