Burashi na Maisha ya Kijijini

Kando ya Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa, iko nyumba iitwayo Elsamere. Humo aliishi Bibi Joy Adamson, ambaye wasikilizaji wengi humkumbuka kwa ajili ya simba jike Elsa. Lakini kabla simba huyo hajamletea sifa, bibi huyo alikuwa mchoraji hodari.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya Kenya ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya jadi. Alisafiri miaka kadhaa, akachora mamia ya picha kwa rangi za maji, na mwaka wa 1967 akazitolea kitabu. Nyingine huonekana katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Azitazamaye huona jinsi shanga zilivyopangwa shingoni na ngozi ilivyoshonwa. Vijana wengi wa leo hawajapata kuviona vitu hivyo, na wazee wengi waliojua kuvitengeneza wamekwisha fariki. Kwa hiyo faida ya kazi ile ni kubwa.

Hata hivyo, ina upungufu. Waliochorwa wengi walivaa mapambo ya sherehe, wakatulia mbele ya mchoraji. Siku ya kazi haionekani: mama akisugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa, mzee akitengeneza boma, watoto wakichunga ndama.

Upande wa Kilimanjaro, siku hiyo ya kazi ilipata mchoraji wake, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka wa 1923, akasoma Makerere na kisha London. Yeye alichora wanakijiji katika shughuli zao. Picha yake ya mwaka wa 1956, ya watu wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka wa 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Ntiro alichora aliyoyajua tangu utoto.

Je, Njoro, Molo, Subukia na Bahati, nani atachora? Mchuma pareto, punda avutaye mapipa ya maji, akina mama wapangao viazi sokoni: hayo huonekana kila siku, kwa hiyo hudhaniwa kuwa hayana thamani. Hata shanga zile zilikuwa za kila siku zamani. Kijana mwenye burashi moja, rangi chache na karatasi asimngoje mgeni. Na akae chini ya mti wa kwao, aanze na mikono ya mama yake.