Nani Mwenyeji wa Geita?

(Maneno waliyoambiwa wanachama na wapenzi wa chama katika mkutano wa Katoro, Geita.)



Tumeombwa tuseme juu ya fahari ya nchi yetu. Ni jambo jema, na maneno yake ni mepesi. Mtu aweza kusimama hapa akataja Mlima Kilimanjaro, mbuga ya Serengeti na karafuu za Unguja na Pemba, akapigiwa makofi, akanywa soda yake akaenda zake. Sisi leo hatutafanya hivyo. Tutasema juu ya nchi hii iliyo chini ya miguu yetu, toka Shinyanga mpaka hapa Geita, kwa sababu kuna jambo lilitokea nasi tukiwapo, na mpaka sasa twaona aibu.

Wiki tatu zilizopita tulialikwa na kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo, katika mkoa huu huu. Walikuwa wanachagua mtunza hazina. Akasimama bwana mmoja ambaye amechimba huku zaidi ya miaka 20. Alianza kwa kushuka duarani, akajifunza kufunga matimba, na sasa ndiye anayeandika viroba vinavyopanda juu na vinavyokwenda karashani. Hapana mtu pale asiyejua kwamba daftari la bwana yule halina kasoro. Kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma: "Huyo Muha! Fedha zetu tutazifuata Kasulu!" Watu wakacheka. Nasi tulicheka. Yule bwana akaketi, akachaguliwa kijana wa ukoo unaojulikana, ambaye daftari la viroba hajapata kulishika hata siku moja.

Usiku ule usingizi ulikuwa wa shida. Sisi tumesomea ualimu, na chuoni tulifundishwa kwamba mtoto akikwambia jambo, umwulize: umejuaje? Basi tukajiuliza wenyewe. Tumejuaje kwamba yule ni mgeni na sisi ni wenyeji?

Tuanze na jina. Sisi tulizaliwa Kishapu, nasi huitwa Wasukuma. Katika lugha yetu neno "sukuma" maana yake ni kaskazini. "Dakama" ni kusini, "kiya" ni mashariki, "ng'weli" ni magharibi. Watu walioko kusini wakitazama upande wetu walisema, wale ni watu wa kaskazini. Nasi tukitazama Nzega na Tabora twasema, wale ni Badakama. Jina ambalo leo mtu anajigamba kwalo, lilikuwa jibu tu la swali la njiani: anatoka upande gani? Zamani mtu hakusema "mimi ni Msukuma." Alisema mimi ni wa Busiya, mimi ni wa Mondo, mimi ni wa Uduhe, kwa jina la utemi wake. Shirikisho la Watemi wa Usukuma lilipoundwa mwaka 1946, makao yake Malya, ziliunganishwa temi zipatazo 50. Hamsini, ndugu zangu! Umoja tunaousema kana kwamba ulishuka na mvua ya kwanza, bado wako wazee waliozaliwa kabla yake.

Sasa tuje Geita. Nchi hii tunayoikalia ilikuwa Uzinza, na upande wa Bukombe ilikuwa nchi ya Wasumbwa. Hapa waliishi Wazinza, na Walongo waliosifika kwa kuyeyusha chuma. Majembe yao yalivuka yakaenda Usukuma, yakalima mashamba ya babu zetu, na watu wakayatoa mahari. Sisi tulikuja baadaye. Huko mashariki, Kwimba na Maswa na Shinyanga, watu na ng'ombe walikuwa wamebanana, na ardhi imechoka. Huku kulikuwa na pori na mbung'o. Pori lilipofyekwa, na hasa baada ya mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, watu wetu wakahamia kwa wingi, na ng'ombe wao na mbegu za pamba. Walipokewa. Basi, Msukuma wa Geita akimwita Muha mgeni, Mzinza yupo kando anamsikiliza.

Na dhahabu je? Wajerumani waliiona huku mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1966, ukafunguliwa upya na kampuni kubwa mwaka 2000. Mkoa wenyewe wa Geita umezaliwa mwaka 2012, kwa vipande vya Mwanza, Kagera na Shinyanga. Vijana wengi waliosimama pale nyuma ni wakubwa kuliko mkoa wao! Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humu watu wanaokaribia milioni 3. Hawakuzaliwa wote na akina mama wa ukoo mmoja.

Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulipelekwa shule moja iliyo karibu na machimbo. Siku moja katika somo la jiografia tukawaomba watoto waseme babu zao walizaliwa wapi, nasi tukaandika ubaoni. Ubao ulijaa. Kasulu, Ukerewe, Ukara, Tarime, Bukoba, Kahama, Iramba, Same, Handeni, Songea. Mtoto mmoja akasema Bukavu, wenzake wakadhani ni kijiji cha jirani. Tulipomaliza, ramani ya Tanzania ilikuwa karibu imetimia bila kufungua kitabu. Nenda na leo ukaangalie kwenye mialo. Mwenye duara ni mmoja, mwenye shamba mwingine, mwenye karasha wa tatu, akina mama wanaoponda mawe wametoka vijiji vitano, na mama anayewapikia anapika mchele wa Kahama kwa nazi, kama alivyofundishwa kwao Tanga. Wote wanangoja udongo ule ule.

Labda mtu atatwambia: ninyi mnakuza mambo, ule ulikuwa utani. Hapana! Utani twaujua sana, tena hatumruhusu mtu kuutumia kama shuka la kufunikia matusi. Karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe kwa mabega mpaka Bagamoyo, na njiani na huko pwani wakakutana na Wazaramo. Wangeweza kuuana, wakataniana. Mpaka leo Mzaramo aweza kuingia msibani kwa Msukuma akafanya vituko mbele ya maiti, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kaburini. Na neno moja zaidi: katika utani kila upande una ruhusa ya kujibu. Yule bwana wa Kasulu hakupewa nafasi ya kujibu. Alinyang'anywa kazi aliyoistahili, akaketi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni keti chini.

Wazee wa Geita mnajua habari hii kuliko sisi, maana ilitokea kwenu. Tangu mwisho wa mwaka 1954 mpaka mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilikataza matawi ya TANU katika Usukuma. Watu wakashikamana katika vyama vya ushirika vya pamba, ambavyo mwaka 1955 viliunganishwa katika shirikisho la Victoria, akiongoza Paul Bomani. Kisha serikali ikaleta jambo jipya hapa Geita: baraza la wilaya la mseto, lenye viti kwa rangi, vya Waafrika, vya Wahindi na vya Wazungu. Ilidhaniwa kwamba mkulima wa pamba hataelewa. Alielewa! Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walikwenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo na kumwambia kwamba hawalitaki. Walikaa huko siku kadhaa wakingoja, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikudumu.

Hebu tufikiri walikataa nini. Hawakuwakataa Wahindi wenye maduka wala madaktari wa misheni. Walikataa kwamba mtu apewe kiti kwa sababu ya ngozi aliyozaliwa nayo. Sasa wajukuu wa watu wale wale wanampa mtu daftari la hazina kwa sababu ya ukoo aliozaliwa nao. Mabomu yale yaliwatoa wazee wetu machozi ya bure?

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Mara kwa mara twasikia: sisi ndio kabila kubwa kuliko yote, kwa hiyo hiki chetu na kile chetu. Ni kweli kwamba Wasukuma ni wengi. Lakini sensa ya mwisho kumwuliza Mtanzania kabila lake ilikuwa ya mwaka 1967. Tangu hapo mtu anaulizwa umri, elimu, kazi, na kama nyumba yake ina choo, kabila haulizwi. Mwaka 2022 tulihesabiwa zaidi ya milioni 61, wala hapana ukurasa unaosema Wasukuma wangapi, Waha wangapi. Haikuwa sahau ya makarani. Nchi yenye makabila yapatayo 120 iliamua kwamba hesabu hiyo haitagawia mtu chakula wala cheo. Hiyo nayo ni fahari, ingawa haipigwi picha kama mlima.

Tunajua wako wanaosema: maneno ya umoja ni ya zamani, fahari ya Kanda hii ni mali. Shinyanga ina almasi! Ni kweli, na habari za almasi twazipenda sana. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aliigundua almasi ya Mwadui. Mwamba wake unaenea hekta zipatazo 146, mmoja wa mikubwa duniani ya namna hiyo. Mwaka 1947 ikatoka pale almasi ya rangi ya waridi, karati 54 na nusu. Kwa mizani ya duka haifiki hata gramu 11. Williamson akaitoa zawadi ya arusi ya binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth. Ikachongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya ua la vito, akawa analivaa kifuani. Sisi tulikua umbali wa safari ya baiskeli kutoka Mwadui. Jina la mtoaji tulilisoma tungali wadogo, na jina la aliyepewa. Jina la mfanyakazi aliyekichota kifusi kile hatukufundishwa. Jiwe ni la Shinyanga, lakini mtu aliyetaka kuliona ilimpasa asafiri Uingereza. Fahari ya namna hii ni ya ajabu kidogo.

Twaona iko fahari nyingine ya Shinyanga, nayo haikusafirishwa kwenda popote. Wakati wa ukoloni na baada yake miti ilikatwa kwa vita ya kufukuza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, kisha kwa kuni, mpaka mkoa ukaitwa jangwa. Upepo wa Agosti ulikuwa ukivuka uwanja wa shule na udongo wote. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na jambo la busara walilofanya wataalamu wale ni kuwauliza wazee. Wazee wakasema: ngitili. Unatenga kipande cha malisho masika yanapoanza, hakiingii mfugo, majani yanasimama mpaka kiangazi, ndipo unafungua kwa ndama na maksai. Dagashida ikakaa, sheria zikawekwa, na Sungusungu wakazilinda. Mwanzoni ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta kama 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 Shinyanga ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo. Ng'ombe wa mtu wa kuja akiingia ngitili wakati usiofaa hutozwa faini, na ng'ombe wa mwenyeji naye hutozwa faini. Hakuna ng'ombe wa ukoo unaojulikana.

Turudi kwa kikundi chetu. Zamani mchimbaji aliuza dhahabu gizani kwa mlanguzi, kwa bei ya mlanguzi. Machi mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa hapa Geita, na mwaka ule ule mchimbaji mdogo akafutiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Sasa kikundi kinakwenda sokoni na jiwe lake, kinapimiwa, kinapewa karatasi. Karatasi ile lazima awepo mtu wa kuisoma, ailinganishe na viroba, aseme mbele ya wenzake kiasi gani cha mwenye shamba, kiasi gani cha karasha, kiasi gani cha akina mama waliotwanga mawe. Mwezi huu kikundi kile kimeuza mara mbili, na mara zote mbili akina mama wameondoka wananung'unika. Hatusemi yule kijana ameiba. Twasema hajui kuandika hesabu, naye mwenyewe ametuambia hivyo kwa kinywa chake, akatuomba tumsaidie kutoka katika kazi ile.

Tumekwenda kwa yule bwana wa Kasulu nyumbani kwake, tukamwomba radhi kwa kicheko chetu. Alitusikiliza, akatuwekea michembe na chai, akasema atafikiri. Hakusema atakubali.

Uchaguzi utarudiwa Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, pale pale chini ya mwembe. Sisi tutakuwapo. Mwanachama wa kikundi asikose kuja na kadi yake, na akina mama wanaoponda mawe waje pia, maana katiba ya kikundi inawapa kura na safari iliyopita hawakuitwa.